Kidole cha Nakijwa

Mwaka ule ulitugharimu sikio moja, kidole kimoja, meno mawili, mlango, kuku aliyekuwa akitaga na mbuzi dume. Nimehesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na jumla ni hiyohiyo. Meno yalikuwa yangu, mlango wangu, kuku wangu. Mbuzi alikuwa wa Mwalimu Eliezeri, na tulimla. Sikio na kidole vilikuwa vya mtoto wa kaka yangu, Nakijwa, aliyekuwa na miaka minane. Hapo ndipo hesabu inapogoma kufunga, maana sikio lilipasuliwa na mtu mwingine, lakini kidole nilikivunja mimi.

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Eliezeri. Nilitoka Same kwa basi la asubuhi, kipande cha mwisho nikapanda bodaboda, magoti yangu yakilalamika kila kona ya mlima hadi Myamba. Sikwenda kulia. Nilikwenda kuhakikisha. Nikamkuta Nakijwa kaburini, sasa mama mtu mzima mwenye mvi za pembeni, anatupa udongo huku machozi yanamtoka kama aliyezaliwa na marehemu. Baadaye akakaa kwenye benchi na kikombe cha chai, na kile kidole kidogo cha mkono wa kulia kikasimama pembeni ya kikombe, hakikunjiki. Binti mmoja wa mjini akamnong'oneza mwenzake, "Mwone yule mama anavyoringa na chai." Nikatazama pembeni. Nimefanya biashara sokoni maisha yangu yote na nimetazamana uso kwa uso na askari, wezi na maofisa wa ushuru, lakini kile kidole sijaweza kukitazama zaidi ya kuhesabu mpaka mbili.

Ulikuwa mwaka ambao sabuni ilirudi madukani. Mwaka mmoja kabla yake, mtu aliyekutwa na katoni mbili za sabuni aliitwa mlanguzi na alilala ndani. Mwaka ule aliitwa mfanyabiashara na watu wakamsalimia. Sabuni ilikuwa ileile. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikinunua tangawizi kwenye gulio la Myamba na kuishusha Same kwa lori, kuwauzia abiria wa barabara kuu. Kaka yangu alikuwa akikata mkonge tambarare, na wanawe wawili, Nakijwa na mdogo wake Elisante wa miaka sita, walikuwa kwangu. Kwa nini walikuwa kwangu ni habari ndefu, na si ya leo. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili: kimoja cha kulala watu, kingine cha kulala tangawizi, na harufu yake ilikuwa kali kiasi kwamba mgeni alipiga chafya kabla ya kupiga hodi.

Nakijwa alirudi kutoka shuleni saa nne asubuhi, saa ambayo mtoto harudi. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza ukuta. Damu ilikuwa imetoka sikio la kulia, ikashuka shingoni, ikakaukia kwenye kola. Nikamuuliza kuna nini, akasema, "Nilichelewa." Basi. Nikamwosha, nikamwita jina kutoka upande ule, hakugeuka. Nikamwita tena kwa sauti. Hakugeuka. Nikajifunga khanga nikaenda shuleni.

Mwalimu Eliezeri alikuwa ofisini, fimbo ya mpera mezani, imelala juu ya daftari la mahudhurio kama kalamu yake ya pili. Walimu wawili walikuwa wanakunywa chai ya rangi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Namsifu. Umekuja kushukuru?"

"Nimekuja kuuliza bei. Kuchelewa ni sikio moja. Akikosa kabisa kuja, utachukua nini?"

Wale walimu wawili wakaangalia ndani ya vikombe vyao. Yeye hakukasirika, alikuwa na subira ya mtu anayejua fimbo iko upande gani wa meza. "Wewe unauza tangawizi," akasema. "Tangawizi usipoiponda haitoi harufu. Mtoto ni hivyohivyo."

"Tangawizi naiponda ikishakufa, Mwalimu."

Nikawatoa shule watoto wote wawili siku hiyohiyo, Elisante nikimtoa darasani huku ameshika kipande cha chaki ambacho hadi leo hajarudisha. Jioni balozi wetu, Mzee Zefania, akaja kukaa kwenye kizingiti changu. "Binti," akasema, "kumweka mtoto wa shule nyumbani ni kosa. Mimi ni balozi wa nyumba kumi, na yako ni ya saba. Nikiulizwa nitajibu nini?"

"Jibu kwamba wanasoma. Wanasomea hapa."

"Nani anawafundisha?"

"Mimi. Nilimaliza la saba, au umesahau?"

"Sijasahau," akasema. "Nawaonea huruma tu." Nilidhani ananitania.

Nilifungua shule yangu Jumatatu iliyofuata, na kwa kuwa shule niliyoijua ni moja, nilijenga ileile. Nilining'iniza rimu ya lori kwenye mparachichi, nikawa naigonga kwa chuma saa moja na nusu. Wanafunzi walipanga mistari miwili, kila mstari mtu mmoja. Waliimba. Nilikagua kucha. Nilikata fimbo ya mpera, maana kuna mpera nyuma ya choo, na aliyechelewa nilimchapa viboko viwili, ingawa tulikuwa tumelala kitanda kimoja na tumeamka pamoja. Nikiwaza sasa natamani kucheka, lakini nikikumbuka miguu yao kicheko kinakwama. Jedwali la kuzidisha nililiingiza kwa fimbo: saba mara nane, kimya, fyaa. Kuna utamu mtu hausemi. Asubuhi zilipita nikiwa na hasira na bei ya lori, na dereva, na kaka yangu, na wale watoto wakazilipa zote kwenye vigimbi vya miguu. Siku moja Elisante akaniuliza, kwa adabu kabisa, mikono nyuma:

"Shangazi, ulitutoa shule kwa nini?"

"Ili msipigwe."

"Sasa hii ni nini?"

Nikamchapa vinne, kwa swali.

Wiki ya tatu nikamwuliza Nakijwa herufi. Nilikuwa nimesimama upande wake wa kulia. Hakujibu. Nikauliza tena, akaendelea kutazama mbele, ametulia, na mimi nikauona ule utulivu kama kiburi. Nilikuwa nimesahau. Mimi, niliyekwenda shuleni kuuliza bei ya lile sikio, nilikuwa nimesahau ni lipi. Fimbo ilishuka, yeye akaiona dakika ya mwisho kwa jicho, akainua mkono, na nikasikia mlio mdogo, kama unapovunja tangawizi kipande kwa kipande.

Fundi wa kuunga mifupa alikuwa mke wa balozi, Mama Rehema. Alimkalisha Nakijwa jikoni kwake, akampakata kichwa, akakivuta kile kidole kikarudi karibu na mahali pake. Nakijwa hakulia. Elisante alilia kwa niaba yake. Mama Rehema akafunga vipande viwili vya bua kwa kitambaa, akanawa mikono, ndipo akanitazama. "Mwalimu kala sikio, shangazi kala kidole," akasema. "Mkishiba, mtuachie walau kichwa."

Ningependa kuandika kwamba niliamua kubadilika. Sikuamua. Niliuogopa mkono wangu. Nilishusha ile rimu, na fimbo nikaibeba kwenda nayo jikoni kuichoma. Elisante akanizuia mlangoni. "Hiyo usichome. Naitaka." Akaichomeka katikati ya uwanja, akachuchumaa kutazama kivuli chake, na hakuondoka mpaka nilipomwita kula.

Ndivyo tulivyoanza. Hapakuwa na saa ya kuanza wala ya kumaliza. Waliamka, wakaniambia wanachotaka kujua, na mimi nikafuata nyuma kama mteja asiye na haraka. Nakijwa alitaka mizani, nikampa. Ndani ya mwezi alikuwa akinisahihisha mbele ya wanunuzi kwa sauti kubwa isiyo na aibu, ambayo ndiyo sauti ya mtu anayesikia kwa sikio moja. Nikiteremka Same niliwachukua, na herufi walizisoma kwenye katoni za sabuni na ubavuni mwa malori. Neno la kwanza ambalo Elisante alilisoma peke yake lilikuwa HATARI, kwenye tangi la mafuta. Walipoulizia kitu nisichokijua nilisema "Sijui," na kila nilipolisema walinitazama kama nimewapa peremende. Siku moja nikarudi kutoka kisimani nikakuta wamemchinja kuku wangu mtagaji, wamempasua juu ya jani la mgomba ili waone mayai yamekaaje kwenye foleni. Yalikuwa kumi na saba, kuanzia kubwa hadi la kiasi cha punje ya mtama. "Tumehesabu mara mbili," Nakijwa akasema, damu imemfika viwikoni. Nikainua mkono. Ukakaa hewani muda mrefu kuliko nilivyotaka. Kisha nikaushusha, nikabandika maji ya kumnyonyolea.

Mgambo walikuja wawili, mchana, makande yakiwa motoni. Hawakupiga hodi, walipiga mlango, ukatoka na bawaba zake. "Watoto wa shule wako wapi?" Nikajibu ukweli, kwamba sijui, shule isiyo na kengele ina faida hiyo. Mmoja alikuwa na mkanda wa mpira wa mashine. Alinipiga mgongoni na mapajani huku mwenzake anakula makande yangu kwenye chungu kwa mwiko, kisha wakabadilishana. Nilihesabu. Wa kwanza alipiga kumi na mbili. Wa pili tisa, maana alikuwa ameshiba. Wakaniachia onyo: wiki mbili, watoto wawe darasani kwa Mwalimu Eliezeri, au nipelekwe Same mahakamani. Watoto waliporudi wakakuta nimelala kifudifudi juu ya magunia. Elisante akasema, "Shangazi, tumegundua kitu," na kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kumwambia anyamaze, akaendelea.

Kwetu mashamba hunywa maji ya ndiva, bwawa la wazee lililo juu ya kitongoji, na kila shamba lina zamu. Zamu yetu, na siku ile ilikuwa yetu, ilianza kivuli kikiwa chini ya miguu na kuisha jua likizama nyuma ya mlima. Hakuna aliyekuwa na saa ya mkononi, tuliaminiana. Sasa Elisante alikuwa amekipanga kivuli cha ile fimbo kwa kokoto, siku baada ya siku, na siku tatu za zamu yetu, moja baada ya nyingine, maji yalikuwa yamekatika kivuli kikiwa bado kokoto mbili kufika. "Maji hayaishi," akasema. "Yanaondoka."

"Yanakwenda wapi?"

Elisante akamtazama dada yake. Nakijwa akainuka. "Njooni," akasema.

Nilijikokota nyuma yao kufuata mfereji, mgongo unawaka. Nilitarajia mtoto atatafuta. Hakutafuta. Alipanda moja kwa moja, akapita migomba, akainama, akaondoa majani makavu, na hapo palikuwa na mawe matatu na tope, na mdomo wa mfereji mdogo unaoingia kwenye maharage ya Mwalimu Eliezeri.

"Ulijuaje?"

"Mimi ndiye niliyekuwa naweka," akasema. "Siku za zamu yetu anatuma wanafunzi wawili, anasema ni kazi ya kujitegemea. Siku niliyokataa, nikamwambia ni maji ya shangazi, ndiyo siku aliyonipiga kofi la sikio."

"Mbona ulisema ulichelewa?"

"Yeye alisema niseme hivyo. Na wewe hukuuliza tena. Uliniuliza herufi."

Nilikaa juu ya yale mawe, na sikuondoka. Saa tisa Mwalimu akaja na jembe, shati jeupe limekunjwa mikono, akaniona mimi na watoto wawili.

"Ondoka hapo, Namsifu."

"Nasubiri wanafunzi wako. Leo wamechelewa. Unawapiga wapi, sikio lipi?"

Alinivuta khanga, nikamshika kola, vifungo vikaruka. Mpini wa jembe ulinipata mdomoni. Sikusikia maumivu, nilisikia chumvi, na meno mawili ya mbele yakawa ulimini kama kokoto za Elisante. Yale niliyobaki nayo nikayazamisha kwenye mkono wake mpaka akapiga yowe, tukaanguka mferejini, yeye juu, goti lake kifuani mwangu na kiganja usoni. Maji yaliyonijaza pua yalikuwa ya zamu yangu mwenyewe. Kupitia maji yale nikamwona Nakijwa amesimama nyuma yake, jiwe moja kati ya yale matatu limeinuliwa juu ya kichwa cha Mwalimu, vidole tisa vimelishika na kimoja kimesimama pembeni. Nilitaka alidondoshe. Naandika hivi nikijua maana yake: nilitaka. Alinitazama machoni, na akalitupa bondeni. Kisha akainama akachukua la pili, akalitupa, na la tatu, mpaka mfereji ukarudi njia yake, na hapo watu walikuwa wameshafika kwa yowe.

Baraza lilikaa kwenye ukingo wa ndiva. Sheria ya pale haina kurasa nyingi: anayeiba maji ya ndiva hutoa mbuzi dume, anachinjwa palepale, wanakula wote pamoja na mwizi, na neno linaishia hapo. Elisante akawaonyesha kokoto zake na mzee wa ndiva akazihesabu mara mbili. Nilimpenda kwa hilo. Mwalimu hakubisha. Mbuzi akaletwa, koo likakatwa, damu ikaingia kwenye udongo.

"Na sikio?" nikauliza, mdomo umevimba kama andazi.

Wakatazamana. "Sikio si jambo la ndiva," mzee akasema. "Kwa maji, mbuzi. Kwa sikio, tunasema pole." Kisha akamgeukia Nakijwa kwa upole. "Na hicho kidole, mwanangu? Nacho ni yeye?"

Naona kila kitu cha dakika ile. Mama Rehema amekazia macho chungu chake. Moshi. Mwalimu na mkono wake uliofungwa kitambaa, ananisubiri, maana kijijini hakuna siri, na yeye alikuwa anajua. Ilikuwa zamu yangu kusema. Nilikuwa na mdomo wa kusingizia kwamba unauma.

"Nilianguka mferejini," Nakijwa akasema.

Mzee akatikisa kichwa. Nyama ikagawiwa. Nilitafuna kwa upande mmoja.

Amri ya shule ilibaki palepale, wiki mbili, na mimi nilikuwa nimepanga tuhamie Same kabla hazijaisha. Nilikuwa nafunga magunia Nakijwa alipokuja kusimama mbele yangu, upande ambao angenisikia. "Mimi nitarudi shule," akasema. "Kuna kitabu cha darasa la tatu chenye picha ya moyo umekatwa katikati. Sijakimaliza. Nitakaa mwisho kulia, karibu na ukuta, sikio zima limwelekee yeye. Akiinua mkono, nitatoka." Nilimwambia wazimu. Nilimwonyesha pengo langu. Akasema, "Ulisema utafuata tunachotaka." Na kweli nilisema, sikuwa nimesema hadi wapi. Nikamfuata mpaka mlango wa darasa. Mwalimu Eliezeri hakumgusa tena. Wengine aliendelea kuwapiga. Elisante alikataa kwenda, akakaa nami mwaka mwingine na fimbo yake ya kivuli, na balozi akajibu anavyojua.

Sasa nirudi msibani. Nilimfuata Nakijwa nyuma ya jiko, alikokuwa akisuuza masufuria, nikamwuliza yale machozi yalikuwa ya nini. Akajifuta mikono. "Mwaka juzi alikuja kwangu," akasema. "Anatembelea mkongojo, mkono mwingine umeshika kamba ya mbuzi dume. Akasema, 'Huyu ni wa sikio.' Nikachinja, tukala naye. Basi, Shangazi. Liliisha."

Yule mtu niliyemchukia maisha yote alikuwa amepanda mlima na mbuzi wake, akalipa kile ambacho baraza zima lilikataa kumdai. Nikabaki mimi. Wiki iliyofuata nilinunua dume zuri sokoni Same, sikupunguziwa hata shilingi kwa sababu kwa mara ya kwanza sikuomba, nikampigia Nakijwa simu kwamba naleta mbuzi wa kidole.

"Kidole gani, Shangazi?" akasema.

"Usinifanyie hivyo. Unajua kipi."

"Hiki nilianguka mferejini," akasema kwa sauti ileile, akanitakia usiku mwema.

Nimefanya biashara tangu sabuni ni dhambi. Nimekutana na muuzaji mkaidi, muuzaji mwongo, muuzaji anayelia. Sijawahi kukutana na anayekana kwamba mzigo ni wake. Nikimlazimisha akubali, ninamfanya avunje uongo pekee ambao mtu amewahi kuusema kwa ajili yangu. Nikinyamaza, nimenyamaza mara ya pili. Mbuzi amefungwa nyuma ya kibanda changu, anakula maganda ya ndizi, anazidi kunenepa, na kila asubuhi ananitazama. Wewe uliyesoma mpaka hapa, uliyelea au uliyelelewa, nishauri: nimpelekee nani?